Mtangazaji Aliyefukuzwa Kazi

Juzi, katika duka moja la Masisi, tulikuwa tunatazama tamthilia ya watu wa televisheni. Mtangazaji alikuwa amesoma habari ya uongo. Wakamfukuza, akatoka akilia. Mama muuza maziwa, bidoni, dumu lake, mkononi, akashangaa:

"Banamufukuza juu ya uongo moja tu?"

"Njo sheria ya kazi yabo, Mama," mwenye duka akajibu.

"Sisi, redio ilisema kwetu Burungu iko salama. Tukarudisha ngombe. Benye bunduki balikuwa banatungojea. Na ule mwenye kusema angali anasema kila asubui."

Akanigeukia. "Papa, weye unafanyaka kazi gani?"

Mara ngapi nimeandika habari kwamba "hali ni shwari" bila kutoka ofisini? Nikamwambia nauza maharagwe.

Akaniamini.