Viazi vya Malimbuko

Pale Kitengela ploti nzima iliniita mpika mchanga, na siwezi kulalamika, kwa sababu mchanga niliupika kweli. Niliujaza kwenye pipa nikauchemsha kwa mvuke mpaka kila kilicho hai ndani yake kife. Majirani wakipita na mitungi ya maji waliniuliza kama chakula kimeiva, na mimi nikacheka nao huku uso ukinichoma.

Kazi yangu ya mshahara ilikuwa ya maabara. Tulikata ncha ya chipukizi la kiazi, ile ncha ndogo kabisa ambayo ugonjwa haujaifikia, tukaikuza ndani ya chupa juu ya chakula kilichoganda mithili ya jeli, hadi ikawa mche safi. Jaribu kumweleza hayo mtu aliyechoka na safari ya kazini. Mimi niliona haya, nikazoea kusema tu kwamba niko ofisini.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, viazi vya mama kule Loitokitok viliingiwa na mnyauko. Majani yalilala yakiwa bado mabichi, na ukikata kiazi kinatoa ute mweupe. Wanakijiji walikuwa wamepeana mbegu kwa wema, wakapeana na ugonjwa. Mama akapata kipande kingine cha shamba ambacho hakijawahi kupandwa viazi, lakini hakuwa na mbegu ya kuamini. Msimamizi wangu akaniruhusu kuchukua miche iliyobaki. Nikaipanda nyuma ya nyumba kwenye mchanga niliopika, nikaifunika neti. Mavuno yake yalijaa bakuli moja la plastiki. Ndiyo iliyokuwa mbegu yote ya mama, na mvua ilikuwa karibu.

Mama alikuja Jumamosi kuichukua. Aliviokota viazi kimoja kimoja kwa ncha za vidole, na machozi yakamlengalenga. Jumapili akaniwahi kanisani. Ilikuwa siku ya mavuno, na nilipoingia nililiona bakuli langu mezani, katikati ya maboga na mikungu ya ndizi.

"Ni malimbuko," mama akaninong'oneza. "Ya kwanza ni ya Mungu. Wacha wasiwasi, nitainunua mwenyewe."

Hilo halikuwa jambo geni. Kwenye mnada wa kanisa watu wengi hununua tena walichotoa. Mungu anapata pesa, nao wanarudi nyumbani na kuku wao.

Mzee wa kanisa akainua bakuli. "Bwana asifiwe! Sasa hii ni waru ama ni bano?"

Kanisa likaangua kicheko, maana viazi vyangu vilikuwa vidogo kama gololi za watoto. Mama akasimama. "Ni ya mtoto wangu. Haina ugonjwa hata kidogo. Ilizaliwa kwa chupa!" Kicheko kikazidi. "Simama wakuone."

Nikasimama. Sijui nilisimama kwa muda gani, ila nilitamani sakafu inimeze.

Mama akataja bei. Jirani yetu wa mlango wa pili, mwalimu kutoka magharibi, mtu mwema kupita kiasi, akapandisha. Mama akafungua fundo la leso, akaongeza. Mwalimu akatugeukia kwa tabasamu, akapandisha tena, na makofi yakapigwa. Alidhani anatuheshimisha. Fundo la mama likaisha, nami mfukoni nilikuwa na nauli tu.

Tukiwa njiani nikamwambia mama nitamwendea mwalimu, nimweleze ile ni mbegu.

"Utamwambia nini? Ati tulimpa Mungu na tulijua tutamnyang'anya? Wacha. Ni aibu."

Nikaacha. Tena nilishukuru kwamba amenikataza, maana sikuwa na uso wa kugonga mlango ule.

Jioni mwalimu akagonga wetu. Alikuwa amebeba sufuria kwa vitambaa viwili. "Mama, nimeona si vizuri tule peke yetu. Nimepika zote na maganda, vile ni ndogo."

Viazi vilikuwa vizima, vinaelea kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu. Mwalimu akaketi atuone tukila. Mama akaombea chakula, akambariki aliyekipika, kisha akaanza kutafuna polepole. Nami nikala, macho yangu kwenye sahani.

"Ni tamu?" mwalimu akauliza.

"Ni tamu sana, mwalimu. Mungu akuongezee."

Tulimaliza. Mwalimu akaondoka na furaha yake na sufuria yake tupu. Mama aliposikia mlango wa pili umefungwa, akainua kijiko chake. Chini yake alikuwa ameficha kiazi kimoja. Akakifuta mchuzi kwa pindo la leso, akakisogeza kwenye taa na kukigeuza, akitafuta kwa ukucha macho ya kiazi, pale chipukizi linapotokea.

"Ingeota hapa," akasema. "Na hapa."

Kikapasukia mkononi mwake.