Mwongozaji Asiyeonja

Gadiel alikuwa Msabato wa Same, na tangu azaliwe tone la pombe halijawahi kupita kooni mwake. Ndugu zake walishangaa kusikia kazi aliyoipata Durban: kugeuza chupa katika jumba kongwe la mvinyo wa mapovu, kilimani Berea. Miaka miwili alishinda chini ya ardhi, kwenye vyumba vya matofali vyenye baridi ya mtungi, akizungusha kila chupa kidogo kidogo ili mashapo yashuke shingoni.

Mwongozaji wa wageni alipoacha kazi, msimamizi, Rhoda, alimwita. "Jumatano wanakuja Wakongo wanaoishi mtaa wa Isipingo. Anayejua Kiswahili hapa ni wewe tu. Watembeze, nami nitafuata nyuma."

Walikuja kumi na wawili, kusherehekea miaka thelathini ya ndoa ya mzee Jacques na mkewe, mama Constance. Gadiel aliwashusha ngazi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mama Constance alipoonyesha chupa moja.

"Kijana, hii ya miaka tano iko na goût gani?"

"Mama, ladha yake siijui. Mimi sinywi."

Kicheko kikapasuka. "Eish!" akasema mzee Jacques. "Mpishi asiyeonja mchuzi!"

Gadiel akahisi masikio yanawaka. Kisha akamkumbuka jirani yake wa South Beach, mtaa anaokaa.

"Mzee, jirani yangu Amne hupika futari Ramadhani nzima akiwa amefunga. Haonji, na chumvi haizidi. Anajua kwa harufu na kwa mlio wa sufuria. Nami ndivyo ninavyozijua hizi."

Akaifungua chupa taratibu, kizibo kikatoka kwa pumzi tu. "Tegeni sikio. Mvinyo mchanga hupiga kelele, huu unanong'ona. Sasa nuseni. Kuna mkate uliotoka tanurini. Ni hamira hiyo, imelala humu miaka mitano."

Mama Constance akanusa, akafumba macho, akaonja. "Ni mkate kweli! Na ndimu inakuja mwishoni. Andika, kijana, wakikuuliza tena ukuwe na jibu."

Gadiel akaandika. Wengine nao wakaanza kumtajia walichoonja, wakibishana, hata karatasi ikajaa.

Wageni walipoondoka, Rhoda alimsimamisha ngazini. "Sikuelewa hata neno moja, lakini hakuna aliyetazama simu yake. Kuanzia mwezi ujao wageni ni wako. Jumamosi hapana, najua."

Gadiel akashukuru. Akabaki akicheka tu, mikono kichwani.