Mwalimu Amesimulia Redioni Kifo cha Mwanangu Kama cha Mwanawe

Admin, jina langu lifiche, na wewe unayenifahamu ukinitambua humu naomba ukae kimya. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, nimeolewa, nina watoto watatu walio hai, nashona nguo hapa Somanda, Bariadi. Siku tano hizi silali wala chakula hakipiti.

Nina jambo ambalo watu hunicheka nalo. Napenda muziki wa klasiki, ule wa okestra, fidla na piano, usio na maneno. Marehemu baba alikuwa mpiga kinanda kanisani huko Maswa, na padri mmoja mzee aliporudi kwao Ulaya alimwachia maboksi mawili ya kanda na santuri. Baba alipofariki, ndugu zangu waligawana ng'ombe, mimi nikaomba maboksi. Tangu hapo nikisikia kuna kanda imelala mahali, kwa masista, kwa mwalimu mstaafu, hata mnadani, naifuata. Iliyokatika naiunga kwa selotepu, naisafisha, naihamishia kwenye simu.

Kwaya ndiyo iliyonikutanisha na mwalimu mmoja aliyehamia hapa. Nitamwita Mwalimu tu. Tukaanzisha grupu la kwenye simu la wapenzi wa muziki huo, watu kama kumi hivi, yumo katekista wa Mwamanyili, yumo dereva wa lori la pamba. Kila Jumatatu mmoja anapendekeza rekodi na kueleza kwa sauti tusikilize nini ndani yake, na kwa nini hii imepigwa vizuri kuliko ile. Mimi ndiye nilikuwa naongea zaidi. "Mayu, wewe ungefaa redioni," Mwalimu alizoea kuniambia, akiniita mama kwa Kisukuma. Alikuwa anakula kwetu, anaangalia mpira na mume wangu. Hakukuwa na baya lolote kati yetu.

Siku moja alipendekeza kipande cha fidla na piano, cha polepole sana. Nikamwandikia pembeni kwamba hicho siwezi kukisikiliza. Akauliza kwa nini. Sijui nini kilinisukuma, nikamwambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu.

Miaka minne iliyopita kitinda mimba wangu wa miezi minane aliugua nimonia. Siku ya tatu wodini, mchana, mume wangu akiwa bado njiani kutoka shamba, nilishindwa kuvumilia ile sauti ya kifua cha mtoto. Nilimwachia wifi yangu, nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi, nikaweka spika za masikioni nikasikiliza kipande kile kile. Kilipoisha nikarudi ndani nikamkuta wifi analia. Mwanangu alikuwa ameshaondoka. Wifi, kwa kunionea huruma, alimwambia mume wangu kuwa mtoto alifia mikononi mwangu. Nami nikanyamaza, na mpaka leo mume wangu anaamini hivyo.

Mwalimu alinijibu, "Pole sana Mayu. Hiyo nitaingia nayo kaburini."

Mwaka huu akapata kipindi kwenye redio moja ya hapa kwetu, Jumapili mchana. Nilifurahi, nikampa rekodi zangu zote. Kumbe hata maelezo aliyokuwa akitoa yalikuwa yangu, neno kwa neno, na hakunitaja hata mara moja. Iliniuma, nikameza.

Jumapili iliyopita nimekaa na mume wangu uani, anamenya karanga, redio inaongea. Nikasikia kile kipande kinaanza. Kisha Mwalimu akasema kwa sauti ya kilio, "Wimbo huu niliusikiliza nje ya wodi, mwanangu akikata roho ndani." Akasimulia yote. Benchi, sauti ya kifua, mpaka wifi anayelia, ambaye yeye alimfanya dada yake. Mwalimu hajawahi kufiwa na mtoto!

Mume wangu hakutoa chozi siku tunazika, lakini pale alilia. Halafu akasema, "Masikini Mwalimu. Ila sielewi, mtu anamwachaje mtoto wake anakufa akasikilize muziki?" Nikainuka nikaingia ndani kama nafuata maji. Nilikaa chini jikoni.

Kesho yake nilimfuata Mwalimu shuleni wakati wa mapumziko.

"Kwa nini umenifanyia hivi?"

"Mayu, jina lako sikulitaja. Nilikulinda."

"Umenilinda kwa kumfanya mwanangu wako?"

Akaangalia chini. Nikadhani ataomba msamaha. Akasema, "Ningesema ni habari ya mtu mwingine isingewagusa. Wamepiga simu wengi sana. Pale redioni wanataka visa zaidi. Huna kingine kama kile?"

Niliondoka bila kuaga.

Kwenye grupu kila mtu amempa pole. Katekista ameandika, "Wabeja sana, asante Mwalimu kwa ujasiri wako." Dereva akaniuliza mbele ya wote, "Dada, mbona wewe tu ndiye hujampa pole mwenzetu?" Na Mwalimu mwenyewe akajibu, "Mwacheni dada, ana moyo mzito." Hilo limeniumiza kuliko redio.

Nikimuumbua, lazima niseme mtoto alikuwa wa nani na aliyekuwa kwenye benchi ni nani. Wifi yangu naye ataonekana mwongo.

Jana mume wangu ameniambia, "Jumapili tukitoka misa twende kwa Mwalimu. Tumefiwa kama yeye, tusimwache peke yake." Ameshamfunga jogoo wa kumpelekea.

Ndugu zangu, nimwambie mume wangu ukweli kabla ya Jumapili, nikijua alivyosema juu ya mzazi wa namna hiyo? Au niende nimshike mkono yule mtu, nimpe pole kwa msiba wangu mwenyewe? Nishaurini, nifanye nini mimi?