Taa Nyekundu ya Mizani ya Mweiga

Walisema sitaweza kufungua redio nikarudisha skrubu zake zote. Mjomba alisema hivyo mbele ya watu, siku aliponiazima meza ya kufanyia kazi: "Diploma haikamui ng'ombe. Miezi mitatu tu utanirudishia meza yangu, uende Timau ukachume maua kwenye mashamba ya matajiri." Wenzake wakacheka mpaka wakakohoa.

Nilikuwa nimerudi kutoka India na diploma ya elektroniki, ya kwanza kijijini kwetu, na sioni haya kusema kwamba nilijijenga mwenyewe. Vya kuazima vilikuwa vitatu tu. Meza ya mjomba. Chumba pale Mweiga, cha mwashi mmoja aliyekubali nimlipe nitakapopata. Na redio ya mama, ambayo niliivunja nikachukua vipuri, kwa sababu nilizunguka Nyeri mjini kutwa nzima nisipate wa kuniuzia.

Mama alikuwa na ng'ombe wawili. Kila alfajiri alibeba maziwa mpaka barabarani, ambako mnunuzi wa kibinafsi alituma pikapu, dereva, karani, na mizani ya kisasa yenye namba za kung'aa. Mizani ilipata umeme kwenye betri ya pikapu, kwa waya mrefu. Mkulima alimimina maziwa kwenye ndoo ya karani iliyokaa juu ya mizani, namba zikasomwa, zikaandikwa.

Nyumbani mama alipima kwa mkebe wa lita tano, akaujaza mara mbili. Mizani ikasema nane. Kesho yake, nane. Karani alikuwa mtu wa kulamba kidole kila anapofungua ukurasa, kidole kilekile alichochovya kwenye maziwa ya watu.

"Mama, kwani unakunywa njiani?" akamuuliza mbele ya foleni.

"Nikunywe nini? Hiyo ni kumi."

"Mizani haina mdomo ya kudanganya. Wewe ndio uko nayo."

Foleni ikacheka. Nao walikuwa wakipunjwa, lakini ilikuwa kiangazi, kila mtu akalaumu ng'ombe wake. Jumapili akina mama wa kanisa, waliomwamini mama na sanduku lao la pesa miaka mingi, wakamwomba "apumzike kidogo." Wanawake aliowapikia walipojifungua! Hata leo nikikumbuka neno hilo, kupumzika, natema mate.

Nikaenda kwa mnunuzi kudai mizani ikaguliwe. Alicheka. "Njoo upime mwenyewe, injinia." Nikapima mchana, mizani ikiwa imetoka kuwashwa, kwa pakiti za sukari za kilo moja moja. Moja ikasoma moja, mbili ikasoma mbili. Mbele ya wote nikalazimika kusema mizani iko sawa. Karani akanipa mkono, mkono wenye utelezi wa maziwa yaliyochacha. Kwa mdomo wangu mwenyewe nilikuwa nimemtia mama hatiani.

Lakini sikusomea ushonaji. Ndani ya mizani ile kulikuwa na chipu, na chipu ni kama karani anayefuata orodha ya kazi mstari kwa mstari. Umeme ukishuka kwa kupepesa jicho tu, haizimiki. Inapepesuka, inaruka mstari mmoja, kisha inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa vipuri vya redio ya mama nikaunda kifaa cha kuchunga waya wa betri: volti zikishuka hata kidogo, taa nyekundu inawaka, na haizimi mpaka ibonyezwe. Nikaomba kukifunga. Mnunuzi akasema, "Weka hata taa kumi, Mweiga ipendeze."

Asubuhi ya kwanza mkulima wa kwanza akapimiwa, karani akamwaga maziwa yake kwenye pipa, akarudisha ndoo juu ya mizani, akapaza sauti, "Washa, betri isikufe!" Dereva akawasha injini. Taa yangu ikawaka, nyekundu kama jicho la mlevi.

"Fundi," dereva akasema, "stata ikivuta, si moto lazima ishuke? Hata nyanyangu anajua."

Wakacheka, na mimi nikaona ni kweli. Nikarudi chumbani, nikaongeza kipuri cha kukifanya kifaa kisijali stata ya gari, ile mota ya kuamshia injini. Siku tatu taa haikuwaka. Mizani ikamsomea mama nane siku zote tatu. Kwa usomi wangu wote, nilikuwa nimemziba mdomo shahidi wangu mwenyewe.

Mama, ambaye hakumaliza hata darasa la nne, ndiye aliyeniuliza tukinywa chai ya rangi, maana maziwa yote alikuwa ameyapeleka. Huniita baba, kwa kuwa nimerithi jina la babake.

"Baba, hiyo gari haiendi mahali. Kwa nini huwashwa? Na kwa nini huwashwa tu wakati ndoo haijaisha?"

"Haijaisha vipi?"

"Karani huwa anaacha kidogo chini, imefunikwa na povu. Gari ikishanguruma ndio anamwaga yote."

Nikaweka kikombe chini. Kwa kawaida mizani ile ilikataa kuanza sifuri kukiwa na kitu ndooni. Huo ndio mstari chipu ilioruka stata ilipovuta. Ikakubali zile kilo mbili za masalio kuwa sifuri, na kutoka hapo kila mkulima akapoteza kilo mbili bila kujua, maana mizani ile haikuonyesha namba za chini ya sifuri. Ikizimwa na kuwashwa upya, kama nilivyoipima mchana ule, inakuwa safi kama malaika.

Asubuhi iliyofuata nilikitoa kile kipuri. Karani akaita, dereva akawasha, taa ikawaka. Nikasubiri amwage masalio, kisha nikaweka ndoo tupu na pakiti mbili za sukari ndani yake.

"Soma," nikamwambia karani.

Akakilamba kidole. Hakusoma. Mama ndiye aliyesoma, kwa sauti ya kanisani: "Sifuri."

Foleni ikamvamia karani. Mnunuzi hakuonekana tena Mweiga. Wale akina mama wakaja na sanduku lao, wakisema walijua tangu mwanzo. Mama akalipokea. Mimi nilitoka nje, nisije nikawapa mkono.

Baada ya hapo waliniita kila mahali penye mizani, kutoka Endarasha mpaka Nanyuki, ambako wafanyabiashara wa mifugo walinitaka nifunge taa zangu kwenye mizani za mbuzi. Siku niliyowalipa wote walionikopesha ilikuwa moja. Mwashi nilimlipa asubuhi. Meza niliibeba mwenyewe mpaka kwa mjomba.

"Nilijua utaweza," akasema, akipapasa miguu ya meza kama imeibwa.

"Hesabu skrubu," nikamwambia, nikaondoka bila kunywa chai yake.

Mwisho nilimpelekea mama redio mpya. Aliigeuza, akatazama mgongo wake, akaniuliza kama ina vyote ndani. Kisha akaifungia kabatini, akatia ufunguo kifuani.