Nyasi za Farasi Mmoja

Baba yake Attracta Gilmartin alipokufa aliacha ekari thelathini na nane, nyumba, zizi la zege, na wosia uliosomwa na wakili wa mjini mezani jikoni huku chai ikipoa. Nyumba na ardhi vilikwenda kwa Malachy, mwanawe wa kiume. Attracta, aliyemwosha na kumlisha mzee huyo kwa miaka kumi na tisa, aliachiwa chumba cha mwisho upande wa barabara kwa muda wa uhai wake, pamoja na nyasi za farasi mmoja katika shamba la chini, yaani haki ya kumlisha humo Biddy, farasi wake, au yeyote atakayetoka tumboni mwake, maadamu yupo hai.

Huku kwetu Leitrim wosia wa namna hiyo si kioja. Kuna wajane walioishi kwa nyasi za ng'ombe mmoja mpaka wakazikwa. Lakini Malachy alicheka pale pale mezani.

"Mzee amekuachia mdomo wa farasi, dada," alisema. "Siku ukifumba, nawe huna kitu."

Shamba lenyewe halikuwa la kugombaniwa. Ekari nne za udongo wa mfinyanzi kando ya kijito, mafunjo mengi kuliko majani, na maji yanayosimama kwenye kila alama ya kwato. Malachy alilitaka ili apande misonobari, kama walivyokwisha kufanya jirani zake wote, kwa kuwa msonobari haujali tope na serikali humlipa anayepanda. Attracta alilitaka kwa sababu ndiyo ardhi pekee duniani iliyotajwa pamoja na jina lake. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Mchana alifua mashuka kwenye nyumba ya wazee mjini. Alfajiri na jioni alikuwa kule chini na farasi wake.

Biddy alikuwa na miaka ishirini na miwili, jike mkubwa wa kijivu, mpole. Mwezi Mei Attracta alimpeleka kwa dume. Watu walinong'ona kwamba ni ukatili kumpandisha farasi bibi kizee, nayo yakamfikia. Mtoto angezaliwa mwisho wa Aprili, na mtoto huyo angeshika shamba kwa miaka ishirini na mitano mingine, muda ambao ungemtosha Attracta na kubaki.

Mvua ya mwaka huo ilianza Julai, nyasi zikiwa zimeshakatwa na kulazwa chini zikauke, na haikukatika sawasawa mpaka Aprili. Nyasi zilioza mashambani. Wenye ng'ombe walifunga walichoweza katika yale marobota meusi ya plastiki, lakini sileji, yaani nyasi mbichi zilizochachushwa namna hiyo, humuua farasi, kwa hiyo Attracta aliagiza nyasi kavu kutoka mbali, mikoa ya mashariki. Zilikuja ngumu kama fagio. Kufikia Novemba maji ya shamba la chini yalikuwa yanamfika Biddy juu ya kwato kila mahali isipokuwa kwenye kipande kidogo karibu na lango.

Attracta alimfuata mdogo wake zizini. Malachy alikuwa anazoa mavi kwa koleo.

"Naomba ile kona ya mwisho," Attracta alisema. "Kona tu. Ana mimba, na kule chini hana hata pa kulala."

"Kona ina ndama."

"Ndama wako upande ule."

"Watahamia." Aliendelea kuzoa. "Halafu, dada, mimi namheshimu marehemu. Wosia ulisema nyasi. Haukusema paa."

Maneno hayo aliyarudia baa kwa mwezi mzima, na watu walicheka kila mara. Mume wangu aliyaleta nyumbani, nami nilicheka pia, kabla sijamfikiria mwanamke mwenyewe.

Attracta hakuomba tena. Alikwenda mjini akanunua koti la farasi, lile la turubai zito lenye mikanda kifuani na chini ya tumbo, la kijani, la bei kubwa kuliko lolote alilowahi kujinunulia yeye. Alimvalisha Biddy mwanzoni mwa Desemba. Kuanzia siku hiyo yeyote aliyepita barabarani alimwona farasi huyo amesimama kwenye mvua langoni akiwa amefunikwa kuanzia shingo hadi mkia. Huku jirani hupimwa kwa mifugo yake inavyoonekana kutoka barabarani, na Attracta alipimwa akaonekana amefaulu. Peadar wa posta alimwambia, "Huyo bibi yako anavaa kuliko mke wangu." Mimi mwenyewe nilishusha kioo cha gari nikamwambia amempendezesha.

"Si amependeza?" alisema, na uso wake, ambao kwa kawaida haukusema lolote, ukafunguka kidogo.

Kila mtu aliyefuga farasi anajua kwamba koti huvuliwa kila siku, mkono ukapitishwa mbavuni, kisha likarudishwa. Lakini hiyo ni kanuni ya wenye paa. Ukimvua farasi kwenye mvua, nywele zinalowa mpaka kwenye ngozi, na unamrudishia koti juu ya maji. Kwa hiyo wasio na paa husubiri siku kavu. Attracta alisubiri. "Siku ikikauka nitamvua," aliniambia wiki ya Krismasi, na Januari akasema hivyo hivyo. Siku hiyo haikuja. Alikuwa akimpapasa shingoni, na zile nywele ndefu za majira ya baridi zikimjaa mkononi kama nyama. Tumbo lilikuwa linakua kwa mimba na kulitandaza koti vizuri. Nyasi alizibeba mgongoni asubuhi na jioni, gizani mara zote mbili, kwa kuwa kazi yake ilianza mapema na jua la msimu huo ni jambo la saa chache tu. Akirudi alikuta zimekwisha. Hakuona sababu ya kuwa na wasiwasi.

Siku kavu ilikuja Jumamosi ya pili ya Februari, na upepo wa mashariki. Nilikuwa natembea barabarani akaniita nimshikie kamba.

Bizimu zilikuwa zimeganda kwa tope. Alizifungua moja moja, akapuliza vidole, kisha akalivuta koti kuelekea mkiani. Lilikuja kwa shida. Pale juu ya mabega bitana ilikuwa imeshikana na ngozi, na ilipobanduka ilibanduka na nywele, na chini yake palikuwa pekundu, pana kama sahani.

Lakini hatukupaangalia hapo kwa muda mrefu. Uti wa mgongo ulisimama kama paa la hema. Mifupa ya nyonga ilikuwa imetokeza kila upande, na katikati ya mbavu ungeweza kulaza vidole. Chini ya mifupa hiyo yote lilining'inia lile tumbo, kubwa, kana kwamba lilikuwa la mnyama mwingine. Upepo ulimpiga, naye akaanza kutetemeka, akakunja magoti ya mbele, akalala kwenye tope palepale tulipokuwa tumesimama.

Attracta hakulia. Alilirudisha koti juu yake kwa haraka, akiinamisha kichwa, kama mtu anayemfunika aliye uchi mbele ya watu.

Daktari wa mifugo, Fergal Mulvey, alifika baada ya saa moja. Alipiga magoti kwenye maji, akafungua mdomo wa farasi, akaingiza mkono.

"Magego yameisha," alisema. "Upande huu hakuna kitu. Alikuwa anatafuna na kutema, Attracta. Hukuona matonge?"

"Nyasi zilikuwa zinaisha."

"Zilikuwa zinakanyagwa. Yeye alikuwa anafyonza maji yake tu, basi."

Malachy alikuwa amefika na trekta, ameegemea lango.

"Mimi niliyaona," alisema. "Hapa hapa langoni. Tangu mwanzo wa Januari. Matonge kama viota vya ndege."

Fergal aligeuka. "Ukanyamaza?"

"Nani aliniuliza? Ningesema, angesema naliwania shamba. Si ndivyo, dada?"

Attracta alikuwa amekishika kichwa cha farasi mapajani. Aliuliza kuhusu mtoto. Fergal aliweka sikio, kisha mkono, akakaa hivyo muda mrefu.

"Yu hai. Anamla mama yake kutoka ndani." Alisimama. "Nakuambia ukweli. Akibaki humu, Jumatatu hayupo, wote wawili hawapo. Kwenye zege kavu, mabua mengi, makapi yaliyolowekwa kila baada ya saa chache, labda. Ni labda, sikuahidi. Au nimalize sasa hivi. Hakuna atakayekulaumu."

Hapo ndipo sote tulipomtazama Malachy. Hakujifanya hajui tunachomtazamia. Alipanda kwenye trekta, akachukua mfuko wa nailoni nyuma ya kiti, na ndani ya mfuko mlikuwa na karatasi iliyopigwa chapa, kavu kabisa. Chini ya maandishi palikuwa na tarehe ya Novemba, imekatwa kwa mstari.

"Kona ipo," alisema. "Mabua yapo. Namkokota sasa hivi kwa trekta, taratibu, juu ya turubai. Wewe unaachia nyasi. Chumba chako sikigusi."

"Malachy," Fergal alisema.

"Wewe tibu, daktari. Haya ni ya nyumbani."

"Atakaa mpaka azae?" Attracta aliuliza.

"Mpaka Mei mosi. Simfukuzi mzazi."

Sikumwona Attracta akifikiri. Pengine alikuwa ameshafikiri yote tangu Novemba, au pengine ule mtetemeko uliokuwa ukipita kichwani mwa farasi na kuingia mapajani mwake haukumwachia nafasi. Aliifuta mikono yake kwenye koti lake mwenyewe. Aliandika jina juu ya boneti ya gari la Fergal, herufi za mtoto wa shule, akibonyeza sana. Panahitajika shahidi, Malachy alisema, akimnyoshea daktari kalamu. Fergal alimpa mgongo. Malachy akaninyoshea mimi.

Nilitia saini. Nilijiambia kwamba kila dakika ninayokataa ni dakika ya farasi kwenye maji. Ilikuwa kweli, na Malachy alijua kwamba ni kweli.

Wiki zilizofuata Attracta aliomba ruhusa kazini, hakupewa, akaacha. Alihamia zizini. Alilowesha makapi kwenye ndoo, akayakoroga kwa mkono mpaka yakawa uji, akamlisha Biddy kidogo kidogo. Alikikanda kidonda kwa maji ya chumvi. Siku ya nne farasi alisimama, akaanguka, akasimama. Wiki ya tatu alimng'ata Malachy mkononi alipopita na ndoo, na Attracta, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, alicheka kwa sauti.

"Huyo anapona," Malachy alisema akifunga kidole kwa leso. Hakuonekana kuchukia. Alikuwa na sababu ya kufurahi: katikati ya Machi wapandaji walikuja, watu wanne na mashine ya kuchimba mifereji, na kwa siku tano shamba la chini lilijaa miche iliyosimama kwenye mistari juu ya matuta. Kutoka zizini Attracta aliweza kuwasikia wakiitana. Siku ya mwisho aliwapelekea chai, kwa sababu watu wa nje wakifanya kazi kwenye ardhi ya nyumbani hupelekewa chai, na hakukuwa na mwingine wa kuwapelekea.

Mtoto alizaliwa tarehe ishirini na sita Aprili, asubuhi, jua likiwaka. Nilipofika alikuwa ameshasimama, miguu mirefu isiyojua ielekee wapi, mweusi kwa sasa lakini atakuja kuwa wa kijivu. Jike. Fergal alisema hajawahi kuona mtoto mzima namna ile akitoka kwenye mifupa kama ile.

"Huyu angeishi miaka thelathini," alisema, kisha akatamani asingesema.

Attracta alikuwa anamsugua mtoto kwa mabua. "Kutoka tumboni mwake," alisema, si kwa yeyote. Aliendelea kusugua mahali pamoja mpaka mtoto akaondoka.

Mei mosi Malachy alikuja zizini akiwa amevaa shati safi. Alisema ndama wanahitaji kona. Alisema pole kwa usumbufu. Attracta alikuwa ameshafunga kamba.

Tangu hapo yuko barabarani. Ukingo wa barabara ni wa serikali, maana yake si wa mtu, na wasafiri, wale watu wa kuhamahama, na maskini wamelishia mifugo hapo tangu zamani. Anatoka na Biddy kwa kamba kuanzia alfajiri, mtoto akifuata bila kamba. Majani ya ukingoni ni laini, hata fizi zinaweza kuyakata. Usiku anawafunga nyuma ya shule iliyofungwa, na bado hakuna aliyemkataza. Farasi amenenepa. Watu wanapunguza mwendo na kumwambia anapendeza. Malachy akipita na trekta huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, salamu ya huku kwa kila mtu, naye hujibu kwa kidole kimoja.

Mvua ya Oktoba haitawakuta hapo. Ukingo hauna nyasi za kipupwe. Yule mdogo ameshapata mnunuzi kutoka kusini, atakayekuja kumchukua akiachishwa ziwa. Kuhusu mkubwa, nilimuuliza Attracta juzi.

"Fergal nimeshamwambia," alisema. "Ammalize siku ileile mtoto anapochukuliwa. Sitaki asimame akimwita mwanawe."

Kisha gari lilikuja kwa kasi kwenye kona, na mtoto alikuwa upande mwingine wa barabara, kwa hiyo aliniachia kamba akatoka hadi katikati ya lami, mkono juu.