Kitambaa Ndani ya Bomba la Maji

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya Makambako, Fundi Mkuu alinionyesha injini iliyofunguliwa, akaniuliza imekufa kwa nini. Nikajibu, uzee.

"Binti, uzee si ugonjwa wa injini," akasema. "Rudi ukatazame."

Nilirudi mara tatu mpaka nikaliona tundu la oili lililozibwa na uchafu. Hapo ndipo aliponipa ovaroli.

Nawaeleza hili ninyi mafundi vijana kwa sababu baadaye nilihamishiwa Njombe, chini ya Mhandisi aliyekuwa akiandika taarifa kabla ya kushika spana. Hasira niliyoipata kwake sijaimaliza mpaka leo.

Ilikuja kwa lori, kutoka ziwani Nyasa, injini ya boti ya jeti. Boti ya namna hiyo haina pangaboi la nje. Pampu yake huvuta maji chini ya boti na kuyatema nyuma kwa nguvu, ndiyo maana hupita mpaka penye maji haba. Sehemu ya maji hayo huingia kwenye bomba na kuipoza injini. Boti ilikuwa ya zahanati ya misheni, na vijiji visivyo na barabara viliitegemea kupeleka wagonjwa.

Mhandisi aliizunguka mara moja tu.

"Chuma chakavu," akasema. "Dereva ameiunguza kwa uzembe. Barua imeshakwenda misheni."

"Hatujafungua hata boliti moja, Mhandisi."

"Mama Tumaini, fanya kazi uliyopangiwa."

Dereva huyo, Mzee Haule, alifukuzwa wiki ileile. Injini ikalala uani, inanyeshewa. Siku hizo muuguzi wa zahanati alipiga simu kuuliza boti itarudi lini. Akaniambia mama mmoja mwenye uchungu alikuwa amebebwa kwa machela kupita milimani, akajifungulia njiani. Mtoto hakuishi.

Mhandisi aliposafiri kwenda kikaoni, niliiingiza injini ndani nikaifungua. Oili ilikuwa imepauka kama chai ya maziwa, dalili kwamba maji yameingia. Gasketi inayozuia maji yasiingie kwenye oili ilikuwa imeungua, na silinda hedi, yaani kichwa cha injini, kimepinda kwa joto. Lakini joto limetoka wapi? Nikalifuata bomba la maji mpaka kwenye kiungo chake, nikaingiza waya, ukagoma. Nikavuta. Kikatoka kitambaa cha kufutia mikono, cha bluu, kama tulivyogawiwa sisi karakanani. Nikafungua kitabu cha matengenezo cha karakana, maana injini ile iliwahi kuletwa kwetu. Aliyelifunga bomba lile mara ya mwisho alikuwa Mhandisi mwenyewe.

Aliporudi nilikiweka mezani pake.

"Kitupe," akasema taratibu. "Nani atajua?"

"Mimi nimeshajua."

Hakunizuia kuitengeneza, alitaka injini iondoke machoni pake. Nilipeleka silinda hedi kwa mchonga vyuma ikasawazishwa, nikabadilisha ringi za pistoni na gasketi, nikasafisha njia zote za maji. Ilipowaka, niliweka mkono kwenye bomba la kutolea maji nikayasikia yakipita, baridi kama asubuhi ya Njombe. Nikaandika taarifa yangu yote, na kitambaa kimo. Ilirudi kutoka kwa Mhandisi imechapwa upya, kitambaa hakimo. Mwezi uliofuata nilirudishwa Makambako, kitengo cha matairi. Boti ikapewa dereva mwingine.

Mhandisi alistaafu kwa hotuba na zawadi. Nami nilipiga makofi na wenzangu, na makofi hayo yananiuma kuliko miaka yote ya matairi.

Nilipostaafu mimi, nilipanda basi mpaka Ludewa, kisha gari la mizigo mpaka ziwani, nikamtafuta Mzee Haule. Nilimkuta anashona nyavu za watu. Nikamwambia nilichokiona ndani ya bomba, na kwamba nilipaswa kuja mapema zaidi. Hakuniuliza jina la aliyekiacha. Alimwita mkewe, akawaita watoto wake wakubwa na majirani wawili, wakakaa.

"Sema tena, mama," akaniambia. "Polepole, wasikie wote."