Dira ya Wifi kwenye Ukuta Wetu

Mke wangu ni dobi, na sijaona mtu anayejua kutoa doa la chai kwenye shati jeupe kama yeye. Nalisema hilo kwanza asije akalalamika kwamba nimemsema vibaya tu. La pili ni hili: mke wangu ana wivu, na anayeonewa wivu ni dada yangu wa tumbo moja.

Dada naye ni dobi. Walianza pamoja nyuma ya nyumba yetu, beseni moja, kamba moja, wifi huku wifi kule, mpaka dada akaenda kufungua biashara yake mtaa wa pili. Tangu hapo kila mteja aliyetuhama akaenda kwake, mke wangu alikosa usingizi. Wakahama wengi. Tukabaki na mmoja wa maana, mwenye nyumba ya wageni, ambaye mashuka na taulo zake ndizo zilizokuwa zikitulisha. Huyo akiondoka, tunafunga.

Kazi yangu mimi ni kubeba mizigo kwa baiskeli na kuwa ndugu wa adui. Nikitoka kwa dada nahojiwa kama shahidi mahakamani.

"Kamba zake zimejaa?"

"Sikuangalia."

"Sasa ulikwenda kufanya nini?"

Nikisema dada hakunisalimia vizuri, siku hiyo nala nikashiba.

Jioni moja nikaropoka habari ambayo ningekuwa na akili ningeimeza. Nilisema dada ameandika dira na dhamira ukutani.

"Dira? Kwani yeye meli?"

Nikamweleza kama dada alivyonieleza. Alikaa na wanawake wawili anaofua nao akawauliza: sisi tunataka kuwa watu wa namna gani, na kila siku tufanye nini ili tuwe hivyo? Wakabishana jioni kadhaa, nusura wakosane, ndipo wakayapata maneno yao. Sasa kila asubuhi, kabla hawajagusa maji, wanayasema kwa sauti.

Mke wangu akaweka kijiko chini. "Kumbe ndiyo siri yake! Ndiyo maana watu wanakimbilia kwake. Na mimi wifi yake akaninyima. Nenda kayanakili."

"Mama Watoto, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kaa na mfanyakazi wako Mama Pacha muandike yenu."

"Mama Pacha anyooshe nguo. Wewe nenda."

Nikaenda, kwa kuwa ndiye ninayelala naye nyumba moja. Fundi wa mabango akaja akayaandika neno kwa neno, ila herufi zetu zikawa kubwa zaidi na zina kivuli chekundu, maana lazima wifi apitwe mahali. Yalisomeka hivi: "Dira: Kila nguo irudi kama tuliyoiazima kwa mtu tunayemheshimu. Dhamira: Tunafua, tunanyoosha, tunakunja. Tukiharibu, tunakuja wenyewe kukuambia."

Mke wangu hakuyasoma. Alisimama barabarani kuangalia kama yanaonekana kutoka mbali. Kisha akaamuru Mama Pacha, mnyoosha nguo wetu, ayaseme kila asubuhi, kwa sababu kule kwa wifi yanasemwa. Mama Pacha akayasema. Yule mama ni mtu wa neno moja, akisema nakuja anakuja, na sisi hilo hatukulifikiria.

Zamu ya mashuka ya nyumba ya wageni ilipofika, pasi ikaganda. Shuka jipya likapata alama ya kahawia katikati.

"Likunje, doa liende ndani," mke wangu akasema bila hata kugeuka. "Liweke chini kabisa." Ndivyo tulivyokuwa tukifanya miaka yote.

Mama Pacha hakulikunja. "Bosi, na ukutani je?"

"Ukutani kuna rangi tu."

"Kwa hiyo kila asubuhi naongea na rangi?"

Akavua aproni, akatupa shuka begani, akatoka. Mke wangu alipozinduka, alirukia nyuma ya baiskeli yangu na kunipiga mgongo kama punda njia nzima.

Tulichelewa. Mwenye nyumba ya wageni alishatandaza shuka mezani, kidole chake kiko kwenye lile doa.

"Mama," alimwambia mke wangu, "mashuka yenu ya kuungua ninayo kabati tele. Leo ndiyo mara ya kwanza naambiwa. Nilishaamua mwisho wa mwezi huu nihamie kwa yule dobi wa mtaa wa pili. Lakini maneno aliyoyasema mama huyu ni ya kule, nimeyasoma mwenyewe. Kumbe ninyi ni tawi lake?"

Nikamtazama mke wangu. Mishipa ya shingo ilimsimama. Angeulizwa kama ni mwizi, angejibu haraka zaidi.

"Ndiyo," akasema.

"Basi sina haja ya kuhama. Ngoja nimpigie nimshukuru."

Mke wangu aliniburuta nje. "Kwa wifi! Twende! Kimbia!" Mlango ule alikuwa hajaukanyaga tangu ulipofunguliwa. Njia nzima alikuwa akipanga maneno mgongoni mwangu: atamwambia ni utani, atamwambia ni Mama Pacha, atamwambia ni mimi.

Tulimkuta dada amesimama katikati ya mashuka yaliyoanikwa, simu sikioni. Alimwona wifi yake anavyohema.

"Ndiyo, mzee," alisema kwenye simu. "Ni tawi langu. Tena anayelisimamia anafua kunishinda."

Mke wangu akaketi palepale kwenye ndoo iliyogeuzwa, akalia. Dada alidhani ni shukrani, akamshika bega. Mimi nimeishi na yule mwanamke, kilio chake nakijua. Haikuwa shukrani.